Filamu ya Mtoni

Hadijah binti Farajallah hakuwahi kuona filamu hata moja kwa macho yake, na Jinja nzima hapakuwa na mtu aliyezidharau filamu kumshinda yeye.

Alizisikia. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliliweka jiko lake la mkaa chini ya ukuta wa matete wa kibanda cha video cha Bogere, pale njia ya Kimaka inapoachana na ile ya kwenda Mafubira, akakaanga sambusa na kuchemsha chai ya tangawizi. Ndani hakuingia. Mjane wa Kinubi aliyetimiza miaka hamsini na nne, mwenye kujua heshima yake, hakai gizani kubanana na wanaume wanaotafuna miwa. Lakini matete hayazuii sauti, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya Asadu.

Asadu alikuwa mfasiri wa filamu. Kanda zilikuja kwa Kiingereza, Kichina au Kihindi, na wateja wa Bogere, nusu wanajeshi wa kambini na nusu wachuuzi na vibarua wa viwandani, hawakuambulia neno. Basi Asadu aliketi kando ya televisheni, akaipunguza sauti, akashika kipaza sauti na kuwasemea wote waliomo: mzee, jambazi, bibi harusi, hata mbwa. Alitumia Kiswahili kwa ajili ya wanajeshi, akichovya Kiganda na Kisoga kwa ajili ya wengine. Wazungu wake walikula matoke na kuwaogopa wakwe zao. Ndivyo kazi ilivyotaka, maana mfasiri asiyetia chumvi alizomewa.

Filamu ilipokwisha watu walitoka wakifikicha macho, lakini hawakuondoka. Walilizunguka jiko la Hadijah kungoja hukumu. Bogere alijua wazi kwamba wengine walilipia filamu ili tu wapate kuyaelewa matusi yatakayofuata.

"Mama Hadijah, leo unasema nini?" waliuliza.

"Mimi niseme nini? Hiyo mutu ya China, mwalimu yake ilimubebesha maji miaka tatu, halafu akajua kuruka ukuta. Mimi nabeba maji tangu sijaota meno. Mbona sijaruka hata mutaro?"

Wakacheka. Siku ya filamu ya Kihindi aliwaambia hivi: "Ndugu mbili napoteana miaka ishirini, halafu nasikia wimbo moja tu, nalia, nakumbatiana. Uongo mutupu! Sisi tulirudi hapa toka Sudani baada ya miaka saba, majirani wakasema hawatujui. Walitujua sana. Walikuwa nalala katika vitanda vyetu."

Hapo kicheko kilipungua, na mtu mmoja au wawili wakakumbuka kwamba wana safari.

Hakuwa akitania. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka mwaka 1979, kila Mnubi, kizazi cha askari waliotoka Sudani enzi za wakoloni, aliitwa askari wake, hata yule aliyekuwa akiuza karanga. Kukisema Kiswahili barabarani kulitosha kukufikisha mbele ya watu wenye mapanga. Vijana wa kiume walitangulia kukimbia, kwa sababu wao ndio waliotafutwa kwanza. Rajab, mtoto wa pekee wa Hadijah, fundi redio wa miaka ishirini na mmoja ambaye hakuwahi kushika bunduki, aliondoka alfajiri ya Aprili pamoja na rafiki yake wa utotoni. Rafiki huyo alikuwa Asadu.

Hadijah alifuata kwa njia nyingine siku sita baadaye. Aliulizia kambi hadi kambi huko Sudani, miaka saba, hakupata hata uvumi. Alirejea Jinja mwaka 1986. Mwaka uliofuata Asadu naye akarudi, amekonda kama ufito, akaja kumsalimu. "Tulipoteana Soroti, mama," alisema akitazama mkeka. "Sijui alienda wapi." Hadijah akampakulia chakula, akamwambia aje kula kila atakapo. Tangu siku hiyo alikuwa akinywa chai yake kila jioni, miaka mitatu sasa.

Hitima ya Rajab haikusomwa. Kaka yake Hadijah aliyekaa Mbale, mzee Sebit, alilisema jambo hilo kila Idi: miaka inapita, kijana aombewe, mama apate kupumua. Hadijah alimjibu kwamba hitima husomewa maiti, na kama yeye ana maiti amwonyeshe. Ukutani kwake alitundika kawa moja ya kufunikia chakula, nyekundu na nyeusi, kubwa, nzuri kuliko zote alizosuka, aliyokwenda nayo Sudani na kurudi nayo, lakini ukingo wake haukufungwa. Ncha za ukindu zilikuwa zimening'inia tu kama nywele za mtu aliyeamka vibaya. Wageni walipouliza, alisema ukindu mwekundu ulimwishia. Huo ulikuwa uongo, na ukweli wake hakuwahi kumwambia mtu.

Jumanne moja ya mwaka 1990 Bogere alileta filamu ya vita. Asadu aliitazama peke yake asubuhi, kama ilivyokuwa desturi yake ili ajiandae, na alipotoka alipita mlangoni kwa Hadijah bila salamu, macho mekundu. Hadijah alimwona na akamdharau. Mwanamume mzima kulizwa na kanda ya plastiki!

Alasiri ile kibanda kilijaa hadi mlangoni. Hadijah alikuwa akikunja sambusa huku akifuatilia kwa masikio. Wanajeshi wa Kizungu walikuwa msituni katika nchi ya watu, wakipiga risasi zisizokwisha. Askari mmoja wa kambi ya Kimaka alipiga kelele kwamba hiyo bunduki haijajazwa tangu filamu ianze, na Hadijah akakubaliana naye kimoyomoyo. Asadu alikuwa akibadilisha sauti vizuri: nene ya kapteni, nyembamba ya mpishi, ya puani kwa yule mwenye ndevu.

"Sasa wamefika mtoni," alisema.

Kisha akaacha kubadilisha sauti. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, polepole, kama mtu asomaye barua kwa asiyejua kusoma.

"Huyu mwenye ndevu amepigwa risasi ya tumbo. Rafiki yake amemuburuta, amemuficha katika mtama. Wanakaa pale toka asubuhi mpaka jua nasimama kichwani. Anaomba maji. Mutu ya tumbo hapana pewa maji, lakini rafiki anachoshwa na kusikia, anaenda mtoni, analeta maji kwa kiatu."

Ndani watu walianza kulalamika. "Asadu! Helikopta imefika, wewe bado mutoni!" Sauti ya Bogere ikafuata: "Songa mbere, bwana! Firimu inakwisha!" Asadu hakusonga mbele.

"Anasema: ukifika kwetu, mwambie mama afunge ukingo ya ile kawa. Asiningoje tena. Mwambie afunge tu. Basi rafiki akamusomea shahada, akamufumba macho, akavua shati yake akamufunika. Halafu akavuka."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mzungu na kawa! Mzungu anasomewa shahada!

Nje ya ukuta, sambusa tatu ziliungua kwenye mafuta na Hadijah hakuzitoa. Huyu mtu ameketi chumbani kwangu, alijiambia. Amekula wali wangu huku akiukodolea macho ukuta wangu, na leo amekiteremsha kilio changu akakiuza pamoja na miwa ili walevi wacheke. Hakuwaza zaidi ya hapo. Hasira haina subira ya kuhesabu, na yeye alikuwa na hasira ya kutosha mitaa miwili.

Watu walipotoka, aliinuka kabla hawajamuuliza.

"Nimesikia filamu nyingi za kijinga, lakini hii ndiyo mama yao. Rafiki gani huyo? Mwenzake nakufa, hata kaburi hakuchimba! Shati tu, kama mutu nafunika unga isiingie vumbi! Halafu navuka mto, naenda kwao kula na kushiba. Mimi ningekuwa mama ya yule maiti, huyo rafiki akikuja kwangu kunywa chai, haki ya Mungu, namumwagia hii mafuta moto."

Walicheka sana, wakapiga makofi. Asadu alikuwa amesimama nyuma yao, shati limemganda mgongoni kwa jasho, ameshika gilasi ya chai aliyojimiminia mwenyewe kama kawaida.

"Mama," alisema, "mimi nilitaka..."

"Funga mudomo yako! Umekula kwangu miaka tatu, kumbe unapima kitu ya kuiba. Kawa yangu si nguo ya kuvalisha Wazungu wako. Mwizi wa kuku ana heshima kuliko wewe. Yeye anaiba kitu ya kula."

Asadu aliiweka gilasi juu ya benchi, chai haijaguswa, akaondoka. Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Hadijah alisema afadhali, majani ya chai yatadumu.

Ijumaa alikwenda Mbale, kwa kuwa Sebit alimwita. Aliijua sababu kabla ya kuvua viatu.

"Dada, miaka kumi na moja sasa," mzee Sebit alianza, baada ya chakula. "Masheikh wanasema..."

"Masheikh hawakuzaa Rajab."

"Na mimi ni mjomba yake. Si nina haki ya kumulilia?"

Hadijah aliangalia nje, kule ambako mwamba wa Wanale umeukalia mji kama mwenye nyumba asiyelipwa kodi, akanywa maji yake.

Kesho yake mchana alikaa na Mastula, binti wa Sebit, aliyeolewa na mfanyabiashara wa kahawa hapo hapo Mbale, mtaa wa Namakwekwe. Mume wa Mastula alikuwa na televisheni ya rangi na mashine ya kanda, na Mastula, aliyesoma hadi sekondari, alikuwa akijivunia vyote viwili.

"Shangazi, wewe ndiye hakimu wa filamu, sifa zako zimefika huku. Chagua."

Hadijah angeona aibu kukiri kwamba hajawahi kuona hata moja. Akauliza kwa maringo kama wanayo ile takataka ya vita, ya mwenye ndevu na mto. Mastula akaipata katikati ya rundo.

"Ninayo. Nimeitazama mara tatu."

"Mara tatu! Shule ilipoteza pesa."

Kanda ikaanza. Hadijah aliutazama ule mwanga kwa mara ya kwanza maishani na hakuona cha ajabu. "Hao ndio wao? Wadogo hivyo? Nilidhani kapteni ni mutu mukubwa." Lakini kisa alikijua, na kwa kuwa alikijua akaanza kumtangulia Mastula, akimwonyesha ujinga kabla haujafika. Sasa huyu atasahau ramani. Sasa mpishi atalia. Sasa watafika mtoni.

"Hapa ukae vizuri," alisema. "Mwenye ndevu atapigwa risasi ya tumbo. Watamuburuta kwa mtama. Atakufa kutwa nzima, na maneno mengi kama mtu aliye harusini."

Mwenye ndevu akasogea ukingoni mwa mto. Risasi ikalia. Akaanguka majini mara moja, kimya, uso chini. Mwenzake akapiga ukelele mmoja. Helikopta ikatokea juu ya miti na muziki ukapanda.

"Imeruka," Hadijah alisema. "Rudisha."

Mastula akarudisha nyuma. Risasi, maji, ukelele, helikopta.

"Rudisha tena."

"Ndivyo ilivyo, shangazi. Huyu anakufa bila kusema neno. Hakuna mtama hapo. Angalia mwenyewe, ni msitu mtupu."

"Na kiatu? Kiatu ya maji?"

"Kiatu gani?"

Filamu iliendelea kupiga kelele na Hadijah hakuisikia. Aliisikia sauti ya Bogere: helikopta imefika, wewe bado mtoni. Ndiyo. Filamu ilikwisha kuhama, na Asadu akabaki pale peke yake, akisema kisichokuwepo kwenye kioo.

Ndipo akafanya hesabu ambayo hasira ilikataa kuifanya Jumanne. Kawa yenyewe Asadu angeweza kuiona ukutani, kama kila mgeni. Lakini ukingo? Wote aliwaambia ukindu uliisha. Alfajiri ile ya Aprili walikuwa wawili tu chumbani, yeye na mwanawe. Tangu utotoni Rajab ndiye aliyemshikia ncha ya mwisho mama yake alipokuwa akifunga ukingo, kwani kufunga ukingo wa kawa kubwa kunataka mikono mitatu. Aliiona ile kawa nyekundu imefika karibu na mwisho, akacheka, akachukua mfuko wake. Usiufunge, mama, alisema. Ningoje, nitakuja kukushikia. Neno hilo Hadijah alilishika kama mtu ashikavyo uhai wa mwingine, na hakumpa mtu yeyote asije akalichafua. Unalolijua kila siku ya Mungu unasahau kwamba wengine hawalijui. Asadu angelijua kwa kuambiwa tu, na wa kumwambia alikuwa mmoja.

Asiningoje tena. Mwambie afunge tu.

Alikuwa ameletewa salamu za mwisho za mwanawe, akazipigia kelele mpaka watu wakapiga makofi. Haya ilimshika, haya ya kweli, isiyo na mahali pa kuwekwa. Alivuta ukaya wake usoni na akalia kwa mara ya kwanza tangu Sudani, na Mastula maskini akadhani ni kwa sababu ya filamu.

Sebit alipoingia kwa binti yake baada ya sala ya alasiri alimkuta dada yake ameketi wima, uso umeoshwa.

"Hitima," Hadijah alisema. "Alhamisi, Jinja, nyumbani kwangu. Uje na masheikh wako."

"Umepata habari? Kwa nani?"

"Nimeona filamu," alijibu.

Jumatatu asubuhi, kabla kibanda hakijafunguliwa, aliusukuma mlango wa Bogere akaingia. Ndani palinuka jasho na maganda ya miwa. Mabenchi yalikuwa mbao juu ya matofali, na lile dude lililowatoa watu akili lilikuwa kisanduku kisichozidi kapu la nyanya. Asadu alikuwa peke yake, akipangusa kanda kwa kitambaa. Alipoona ni nani, akasimama.

Hadijah aliketi benchi la mbele. Mapajani aliweka kawa nyekundu, na kando yake ukindu uliolowekwa, umefungwa katika kitambaa kibichi.

"Ile filamu ya mto," alisema. "Simulia."

"Kanda ilirudi Kampala, mama."

"Sikuomba kanda."

Asadu alikaa chini sakafuni. Akasimulia, na safari hii hapakuwa na Mzungu. Ilikuwa mbele ya Lira, karibu na mto ambao jina lake hakulijua mpaka leo. Watu wenye silaha waliwaona wakikatiza shamba la mtama. Rajab alipigwa tumboni. Kiatu kilikuwa cha Rajab mwenyewe, cha kushoto.

"Mbona uliniambia Soroti?"

"Nilikuja kusema kweli, mama. Ukanipakulia wali. Nikaona nitasema kesho. Kesho ikawa miaka tatu." Akapangusa uso kwa kile kitambaa cha kanda. "Nikishika ile kipaza sauti mimi si Asadu, mimi ni watu wengine. Nikajua unasikia kwa ukuta. Nikasema, leo nitampelekea."

"Woga," Hadijah alisema. "Woga mutupu. Miaka tatu nakunywesha chai, unanitazama nikingoja mutu unayejua hatakuja. Hata yule jirani aliyelala kitandani kwangu alikuwa na haya kuliko wewe."

Hadijah aligeuza kawa mapajani, akaigeuza tena. Swali lililobaki lilikuwa moja, na sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya jikoni.

"Ile shati. Ulimufunika vizuri?"

Mfasiri huyo aliwahi kuwafufua wafu wa Kichina kwa sababu watazamaji walitaka hivyo. Hakuna uongo ambao mdomo wake haukuuweza. Alimtazama mama wa rafiki yake.

"Hapana, mama. Shati niliongeza. Na shahada niliongeza. Walikuwa wanakuja, nilisikia miguu katika mtama. Nilimuacha yuko hai. Nilivuka, na yeye alikuwa nyuma yangu ananiita. Sauti yake ilichukua muda kunyamaza. Sikugeuka."

Hadijah, aliyeutukana uongo wa kila filamu iliyopita ukutani kwake, alitamani kwa roho yake yote kwamba katika hii moja angedanganywa. Alifumba macho. Nje watu walipita wakisalimiana, na mtu alikuwa akigonga bati mahali fulani kuelekea Mafubira.

Kisha akafungua kitambaa kibichi, akatoa ukindu. Ulikuwa wa kijani. Mwekundu wa zamani sasa ulikuwa umeisha kweli, umeliwa na wadudu. Akachomeka ncha ya kwanza, akazungusha, akavuta. Alisuka mpaka akafika pale ambapo mikono miwili haitoshi.

"Shika hapa," alisema.

Asadu hakuelewa.

"Shika, nasema. Usifikiri nimekusamehe. Mikono yangu ni mbili tu, na mwenye wa tatu ulimuacha kwa mtama."

Asadu akasogea kwa magoti, akaishika ncha kwa vidole viwili.

"Kaza. Hata hiyo hujui?"

Akakaza, na Hadijah akaufunga ukingo.